Kambi ya Agosti

Fomu nimeichapisha Malindi mjini, shilingi kumi ukurasa,
wino umefifia palepale penye "Urefu".
Nimejipima ukutani kwa alama ya mkaa.
Uzito nimeupimia Gongoni, kwenye mizani ya chumvi,
msimamizi akacheka: "Gunia, kasoro kilo mbili."

Ni wiki mbili tu, si chuo chenyewe.
Mstari wa mwisho, kwa herufi za sisimizi:
kuhudhuria si ahadi ya kuchukuliwa.
Nimemsomea baba mara mbili.
"Basi waendea nini, Nyevu?"

Naendea kuonwa, baba.
Naendea kujua kama goti hili,
lililoteguka siku ile ukingoni mwa Sabaki,
litaitii sauti ya mtu nisiyemjua.
Wao watanipima.
Nami nitawapima.

Hakujibu. Alichukua kalamu,
akatafuta pa mzazi,
akaandika *Kitsao wa Mwangolo* polepole,
kama achimbaye jiwe asitake livunjike.

Halafu, kidole kikishuka karatasini:
"Na wapi hapa wanauliza
nani atachota maji Agosti?"

Nikaigeuza fomu.
Nyuma hapakuandikwa kitu.