Orodha ya Alhamisi

Kazi yangu ni kupiga simu.
Nina kiti chenye gurudumu moja bovu,
chai ya limau inayopoa,
na karatasi ya majina kumi na tisa
yenye nyota nyekundu pembeni.
Nyota maana yake mama alikufa nayo,
au dada, au shangazi,
maana yake damu imeacha barua
na mwenyewe hajaifungua.

Dirishani, Novemba ya mlimani.
Moshi wa makaa umelala juu ya mapaa kama paka mgonjwa.
Gari la kupimia matiti litaegeshwa Alhamisi
nyuma ya kanisa, penye soko la viazi.

Grażyna hapatikani.
Kunegunda anasema yeye ni mzima, kuni anapasua mwenyewe,
na aliyelala usimwamshe.
Kwa Halszka anapokea mume. Hayupo, anasema,
na nyuma yake namsikia mwanamke akikohoa,
akifunga bomba la maji.
Otylia anacheka: Madaktari nimeshawaonyesha kila kitu,
hiki kimoja niachieni.
Naweka alama. Naweka alama.
Barua tulizotuma mwezi wa tano najua zilikoishia:
moja niliiona kwa muuza mkate
imefungiwa jibini.

Bogumiła Wrona, miaka arobaini na tisa, nyota tatu.
Hii ni mara ya nne.
Mara ya kwanza plamu zilikuwa zinaiva,
mara ya pili ng'ombe anazaa,
mara ya tatu alikata simu bila neno.
Leo simwulizi kama atakuja.
Nimejifunza: "utakuja?" ni mlango uliokwisha kufungwa.
Namwuliza, saa tatu au saa nane?

Kimya. Kisu kilichokuwa kikikata kabichi
kimesimama.

"Mama yangu alilijua," anasema.
"Alilifunika kwa kitambaa cha kwendea kanisani
akaendelea kukamua,
mpaka harufu ikamsemea."

Karatasi yangu ina sentensi saba, zote za adabu.
Zinasema ukiuwahi hutibika, zinasema ni dakika kumi tu.
Hakuna inayojua harufu.

"Na wewe," anauliza, "wewe unayenipigia kila siku,
ulipimwa lini?"

Gurudumu bovu limelia chini yangu.
Ningeweza kudanganya, kazi hii ina sauti yake ya kudanganyia.
Bibi yangu alizikwa upande mmoja wa kifua ukiwa bapa;
mama husema yalikuwa mapafu.
Nina miaka arobaini na minne.
Jina langu halimo kwenye orodha
kwa sababu orodha naiandika mimi.

"Sijawahi," nasema.

Anacheka, si kwa ubaya,
kama mtu aliyemkuta mwizi mwenzake ghalani.
"Basi mficha uchi hazai, dada. Saa tatu. Sote wawili.
Na Otylia nitakuja naye, ni jirani yangu,
nitamwambia tunafuata viazi."

Alhamisi. Theluji ya kwanza, nyepesi, haina nia.
Bogumiła ni mfupi kuliko sauti yake.
Amevaa buti za zizini na hereni za harusi.
Otylia ana kapu, anauliza viazi viko wapi,
anatutazama mmoja mmoja, anaelewa,
anatutukana kwa majina ya watakatifu,
kisha anapanda ngazi wa kwanza
ili yaishe.

Ngazi tatu za chuma. Pazia.
Msichana wa mashine anapasha viganja vyake kwa pumzi
kabla ya kunigusa,
na bado bamba ni la baridi kama sakafu ya machinjio.
Linashuka. Linanibana
kama mkono wa mtu anayetaka kusikilizwa.
Shika pumzi, ananiambia.
Naishika.

Nje, upande wa pili wa bati,
namsikia Bogumiła akimsimamisha mwanamke nisiyemjua,
aliyetoka kwake kununua vitunguu tu:
"Saa nne au saa tano?"