Kuweka Jeti Kati

Baba hasikii tena lile *tak*.
Baruti za machimbo ya Blaenau zilimla masikio kidogo kidogo:
ndege kwanza, kisha mlango, kisha mimi.
Kwa hiyo Jumapili hii, mvua ikipiga bati la gereji,
amenipa mimi kazi ya kusikia.

Morris ya mwaka hamsini na tisa, boneti wazi,
na kabureta inayokohoa tangu Pasaka.
Ananionyesha kwa spana, si kwa maneno:
legeza nati, nusu mzunguko, usiivue;
sukuma jeti hadi juu kabisa;
kidole gumba kwenye pistoni, shusha,
sindano ijitafutie njia yake yenyewe,
kisha kaza. Taratibu. Nati ikigeuka, jeti isigeuke nayo.

Tundu lenyewe halipitishi punje ya mtama.
Humo sindano isimame katikati,
isiguse ukuta huu wala ule,
kama mgeni kwenye ugomvi wa mke na mume.

Naiinua pistoni. Naiachia.
Inashuka na mkwaruzo mdogo, bila tak.
Vidole vimeniganda, chai inapoa,
naitikia kwa kichwa: tayari.

Baba hanitazami. Anaweka ncha ya kidole
juu ya kuba la alumini,
anaiinua pistoni mwenyewe, anaiachia,
anasubiri, kama mganga aliyeshika mshipa.
Kisha anachukua spana
na kuilegeza ile nati niliyoikaza.

Hanikemei. Afadhali angenikemea.

Mara ya nne. Mara ya saba.
Mara ya tisa nimeshaisahau chai,
nimesahau hata kwamba nasikiliza kwa niaba ya mtu,
inashuka

tak.

Chuma juu ya chuma, kavu,
kikombe kimerudi kwenye kisahani chake.
Namtazama. Kidole chake kiko palepale.
"Heledd," anasema, kwa ile sauti kubwa ya viziwi,
"hiyo nimeisikia."

Oili nyepesi ndani ya kuba. Ufunguo.
Injini inashika, inatetema, inatulia;
makopo ya misumari yanagongana rafuni,
naye ameinamia madigadi, viganja vyote viwili,
macho kayafumba,
akisikiliza.