Pimamaji

Jicho langu la kulia lililia miaka minne
peke yake. La kushoto lilitazama tu,
kavu, kama jirani asiyetaka kuitwa shahidi.

Keko wakasema, fundi siku hizi anapiga gongo.
Walioona wekundu hawakuuliza upande.

Maumivu hayakuvuka pua. Yalijua mpaka
kama mwenye hati ya kiwanja:
nyusi hii, kope hii, sikio hili,
patasi inagongwa nyuma ya jicho,
dakika kumi na tano, kimya, inarudi,
mara tisa kabla ya adhuhuri.

Nilipimwa malaria mpaka kidole kikaota sugu.
Temeke waling'oa gego zima lisilo na kosa.
Shemeji Athmani akaleta kombe, nikanywa zafarani.
"Kipandauso," wakasema wote,
kana kwamba kumtaja mgeni ni kumfukuza.

Daktari Nyangeta, Muhimbili, aliuliza moja:
"Hayajawahi kuhama upande? Hata siku moja?"
Akaandika indomethasini.
"Dawa yenyewe ndiyo kipimo.
Ukitulia, tumejua unaumwa nini."
Nikacheka. Kwetu tunapima kwanza, ndipo tunakata.

Vidonge vitatu kwa siku, juu ya shibe,
na kingine cha kulilinda tumbo,
maana hii huchoma inakopita.
Mwanahawa akaamka alfajiri kukoroga uji wa ulezi.
"Kula kwanza," akasema. Hakusema zaidi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi,
nilisimama na randa mkononi nikisubiri.
Saa tano. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe.
Nikasubiri kama mdaiwa aliyeambiwa mdai wake amekufa
na bado anachungulia dirishani.

Jioni nikaweka pimamaji juu ya meza ya mwezi uliopita.
Povu likakimbilia kushoto.
Stuli, kushoto.
Kitanda cha mteja wa Chang'ombe, kushoto.
Miaka minne nililaza kichwa kulia,
na mbao zikanifuata.

Nikabeba randa hadi Yombo kwa Bi Mwatumu,
kwenye kabati lake la mninga.
Akanizuia mlangoni.
"Liache. Nimeshaliwekea kigae mguuni. Limezoea."

Nami, nikisahau kidonge cha mchana,
alasiri haifiki kabla mtu hajabisha hodi
nyuma ya jicho.
Simwitikii.
Natafuta kwanza chakula.