Mpangaji wa Mzinga wa Saba

Mzinga wa saba nyuki waliuhama mwaka wa kiangazi kirefu.
Ukabaki ukining'inia mningani, umepasuka ubavuni,
juu ya Mpwapwa, pale njia ya Kiboriani
inapoanza kukukata pumzi.
Baba alisema tuushushe, uwe kuni.
Nikapanda na panga, nikachungulia,
na ndani ya giza kitu kikanichungulia pia.

Mkubwa kama ngumi yangu, si zaidi.
Kahawia ya udongo wa kichuguu,
madoa meupe kama unga wa uwele uliomwagikia shuka.
Macho ya njano, hayapepesi.
Nikashuka bila kukata kamba.

"Bundi," shangazi Sechelela akatema mate pembeni.
"Umetufugia bundi."
Kule ni mwendo wa saa nzima, shangazi.
"Sauti hailipi nauli."

Nikaanza kumwandika kwenye daftari la asali,
kurasa za nyuma, ambako baba haandiki madeni.

Hangoji usiku kama wakubwa zake.
Saa nne asubuhi yuko tawini, juani,
anatikisa mkia kama mtu aliyepunjwa chenji.
Shore wanakuja kumzomea, na chozi, na mramba mweusi,
kelele tupu, mbawa tupu.
Yeye huwageuzia kisogo.
Na kisogoni ana macho mengine mawili,
meusi, ya kuchorwa, yasiyoona kitu,
nao wote hurudi nyuma tawi moja.
Mwenye mashine ya kusaga pale kijijini yuko hivyohivyo:
hata akikupa mgongo, unahesabu hela zako vizuri.

Filimbi yake huanzia chini,
fi, fi, fi,
inapanda ngazi moja moja
kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani,
inapanda, inapanda, halafu kimya.
Kisha fiiyuu. Fiiyuu.
Ndoo imetuliwa.

Chini ya mti hutema vidonge vya manyoya.
Nilivivunja kwa kijiti, juu ya jani:
mguu wa panzi, ganda la mende,
taya la panya, jembamba kama kucha,
meno yote yapo.
Panya wangapi hawakufika ghalani kwa shangazi?
Hilo sikumwambia. Ningeambiwa natetea.

Baba alifariki Novemba, tarehe tisa,
mvua bado, vumbi limesimama mlangoni kama mgeni.
Usiku ule aliita.
"Nilisema," shangazi akasema, na wanawake wakaguna.
Nikaleta daftari msibani, mjinga mimi.
Nikawasomea: ameita tangu Agosti, usiku sitini na moja.
Aliita Nyemo alipojifungua mapacha.
Aliita tulipouza debe nne za asali kwa siku moja.
Kifo ni kimoja.
Mtu akanichukua daftari taratibu,
akanipa kikombe cha uji.

Matanga yalipoisha wakamtuma Chibago na shoka.
Nilimfuata. Hakuna aliyenikataza.
Alipanda haraka, kijana wa kukata mikaa,
akaingiza uso pale penye ufa,
akakaa hivyo.
Muda mrefu.
Kutoka ndani nilisikia kitu kama mafuta yakikaanga,
ndogo, ya kukatika, sauti ya watoto wanaodai.
Mama yao alikuwa tawi la juu, ametupa kisogo,
yale macho ya uongo yakimtazama Chibago moja kwa moja.

Akashuka.
"Hamna kitu," akasema, wala sikuwa nimeuliza.
Na nyumbani akasema hivyohivyo: "Hamna kitu, wamehama."
Shoka alilibeba begani, ukali wake una vumbi.

Mvua zikaja. Nyuki wakarudi, wakaingia wa sita na wa tisa.
Madeni ya baba nimeyalipa, isipokuwa moja la Kibakwe.
Juzi mashineni, foleni ndefu, unga hewani,
Chibago alisimama nyuma yangu na gunia la uwele.
Hakunitazama.
"Walitoka wangapi?"
"Watatu."
Akatikisa kichwa, akalisogeza gunia kwa goti.