Bendera Arubaini, Pengine Hamsini

Karisa wa hoteli alinipa kazi Jumatatu:
bendera arubaini. Au thelathini na tatu.
"Au hamsini, Bi Barke, nani ajuaye?
Ni chama kipya cha amani ya dunia, kikao ni hapa Malindi,
na barua nyingi za mwaliko hazijajibiwa."
Nikamwambia, mwanangu, mimi fundi wa mapazia,
sipigi ramli.
Akaweka arubuni juu ya cherehani,
akawasha pikipiki.

Basi ndiyo nimekaa, kichochoro cha Barani,
redio juu ya kabati, chaki nyuma ya sikio,
napiga hesabu iliyowashinda mabalozi:
nani atatia sahihi, nani ataomba muda,
nani atamtuma msaidizi wa msaidizi
aje ale kambamti, apigwe picha, aondoke.

Kitambaa lazima kinunuliwe kabla.
Lali wa dukani hapokei kilichorudishwa:
"Kikishakatwa ni talaka tatu."
Nyekundu nikachukua jora zima, nyekundu haina hasara,
kila taifa lina damu yake ya kukumbuka.
Nyeupe vivyo hivyo. Kijani yadi kumi na mbili.
Buluu nikaiogopa. Wenye buluu, nilijiambia, wana maringo,
hao watangoja waombwe mara ya tatu.

Kadzo, anayenipigia pindo, ana kanuni zake.
Nchi ndogo iliyobanwa na wakubwa itakuja mbio.
Mdaiwa atakuja nyuma ya mdai wake.
Wawili wanaopigana hawaji wote, huja anayeshindwa.
"Na anayeshinda?"
"Huyo ataleta salamu."
Nilicheka hata sindano ikanichoma.

Mimi nakwenda kwa harusi. Miaka thelathini nashonea maharusi,
namjua mwalikwa kwa jibu lake.
Anayesema inshallah huku macho yako barabarani, haji.
Anayelalamika kadi imechelewa, mwekee sahani mbili.
Na anayeuliza, "Kuna nani mwingine?"
huyo anakuja,
ila atakaa karibu na mlango.

Taarifa ya habari naisikiliza hivyo hivyo.
Waziri fulani: "Tumeupokea mwaliko, tunautafakari kwa kina."
Kadzo ananitazama. Natikisa kichwa.
Mkasi unahamia rangi nyingine.

Ukuta ule pale ni wa dada yangu Mwanajabu.
Tumbo moja, titi moja, cherehani mbili alizotuachia baba
na mlango mmoja wa uani ambao hakuusia ni wa nani.
Mwaka wa nne huu. Nasikia kanyagio lake, anasikia langu.
Maji yake ya kufulia hupita kizingitini kwangu bila hodi.
"Na huyu," Kadzo aliuliza siku moja, "unamkadiriaje?"
Nikamtuma uzi.

Jumatano, saa nne usiku, Karisa kwenye simu, pumzi juu juu:
kumi na mmoja wamejitoa,
watatu ambao hakuna aliyewahesabu wako njiani,
wote watatu buluu.
Lali keshafunga. Mombasa mbali. Kikao saa tatu asubuhi.
Nilikaa na zile kumi na moja za wasioitaka amani
mapajani, zimekunjwa, zimepigwa pasi, nzuri kweli,
na buluu hata ya kufutia jasho sina.

Kadzo hakunitazama. Alikwenda bila kutumwa.
Nilisikia hodi, kisha kanyagio likasimama,
kisha sikusikia kitu.

Akarudi na yadi sita, hazikupimwa, zimechanwa kwa haraka.
"Kasemaje?"
"Hakusema neno. Kauliza tu
kuna nani mwingine huku."

Nikainuka, nikakivuta kigoda
mpaka karibu na mlango.