Tatu kwa Kumi

Kimetoka saa kumi kasorobo alfajiri.
Nasema ki-, bado sithubutu kusema a-.
Saa ya ukutani, masalia ya kampuni ya mgodi,
hukimbia mbele dakika nne; siiamini.
Nahesabu kwa midomo.

Kimya.
Kimya kingi kina mshindo.
Haya, mshindo, njoo.

Nakausha kwa taulo lililopashwa juu ya jiko la gesi,
nasugua mgongo, nasugua nyayo,
vidole viwili kwenye shina la kitovu:
sekunde sita, mapigo manane.
Themanini. Moja.
Pumzi: sufuri.
Mkono wa kulia unajikunja kama wa mtu aliyekumbuka jambo
kisha likamtoka. Moja.
Nafinya kisigino: paji linakunjamana, basi. Moja.

Na rangi?
Huku juu Potosí, mita elfu nne,
nani hana buluu mdomoni?
Kucha zangu mimi, Primitiva Colque, ni zambarau tangu utotoni.
Daktari kijana aliyeletwa kutoka bondeni
aliwapunguzia alama watoto wetu wote,
mpaka alipozirai mwenyewe kwenye ngazi.
Lakini hii si buluu ya mlima.
Hii ni ya jiwe.
Sufuri.

Tatu.

Benedicta Huarachi haulizi kitu.
Anatazama mdomo wangu.
Mama yake, pale mlangoni, ndiye anayeuliza: wa kike, wa kiume?
Sikuangalia.
Katika mambo matano ninayoyatafuta, hilo halimo.

Kichwa nakielekeza juu kidogo, kama anayenusa.
Barakoa ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa.
Bana. Kifua hakipandi.
Nasogeza kidevu, bana.
Kimepanda.
Bana, mbili, tatu. Bana, mbili, tatu.
Hewa yetu nyembamba, najua,
ndiyo tuliyo nayo, pokea,
utalipa ukikua,
bana, mbili, tatu,
na nje lori la kwanza la wachimbaji linagoma kuwaka,
linakohoa, linagoma,
bana,
sekunde sita: kumi na tatu,
mia na thelathini, ee Bikira wa Mgodini,
bana,

kwikwi.
Chafya.
Kisha sauti, wala si mshindo,
mlango wa bati wenye kutu unafunguliwa na mtu asiye na haraka.

Analia.
A-.
Analia.

Dakika ya tano: nane.
Miguu bado ina buluu; nimempa moja, sikumhurumia.
Ni wa kike. Sasa nimeangalia.
Kilo mbili na nusu, kwenye mizani ya zamani.

Crispín anaingia na kofia ya mgodini kichwani,
taa yake imewaka, hakumbuki kuizima.
Anainama juu ya fomu, anaweka kidole
penye wino wangu wa kwanza.
Hii tatu ni ya nini?

Nikamwambia: kilo.

Akacheka, akaenda kuwaambia wa kwenye lori.