Sikutaja Jina

Nimezoea kuomba vitu vidogo.
Magoti yangu yana miaka sabini na tisa
na ngazi za kanisa letu ni ishirini na mbili.
Nikifika ya kumi na tano naomba ya kumi na sita,
basi, sidai zaidi.
Naomba mvua ingoje mashuka yangu yakauke,
ingawa hapa Terseira mvua haimngoji mtu:
huja, huondoka, hurudi,
kama jirani aliyesahau mwavuli wake.

Marehemu Adelino alikuwa akinitania:
"Deolinda, Mungu si muuza duka."
Nami humjibu: "Si muuzaji, lakini duka ni lake."

Kwaresima ile niliomba kubwa.
Nyumba ilikuwa imenyamaza
hata jokofu likijizima nilishtuka.
Norberto wangu yuko Toronto, mwaka wa thelathini na moja huu,
anapaka rangi nyumba za watu.
Kadi yake ya Krismasi hufika Januari,
maneno matano, na jina lake amelipigia mstari
nisije nikamsahau.

Nikaanza novena.
Mshumaa wa senti hamsini mbele ya Bikira,
rozari yenye punje moja iliyopotea
(mahali pake nimetia kifungo cha shati la Adelino),
na maneno haya, asubuhi na jioni:
Bwana, simu hii ilie.
Niisikie sauti ya mwanamume humu ndani.
Aniulize hali.

Siku nane, kimya.
Siku ya tisa, Alhamisi, saa mbili usiku,
supu ikiwa mdomoni,
ikalia.

"Daktari! Ndama katanguliza mguu mmoja,
wa pili sijui umekwama wapi!"

Hapa si kwa daktari wa ng'ombe, nikasema.
Ningekata. Angekata.
Lakini mimi ni binti wa mfugaji,
na mkono huu umeshaingia mle gizani mara nyingi.
"Usimvute," nikamwambia. "Msukume arudi kwanza.
Sasa tafuta goti. Shuka nalo.
Ikinge kwato kwa kiganja isimchane mama."

Akailaza simu kwenye nyasi kavu.
Nikasikia ng'ombe akikoroma, ndoo ikianguka,
mwanamume akilia na kutukana kwa pumzi moja.
"Acha matusi," nikapaza sauti, "sema Salamu Maria!"
Nikaianza mimi, akaimalizia yeye,
vibaya, akiruka maneno,
kama mtu aliyeiacha kwenye dawati la shule.

Saa tatu na dakika kumi
ndama akapiga chafya.

Anaitwa Belmiro, wa upande wa kaskazini.
Hajakanyaga kanisani tangu amzike mkewe;
ana kesi na Mungu, sijaiulizia.
Hupiga kila Alhamisi.
"Hujambo, daktari? Magoti yanasemaje?"
Ndama amempa jina langu.
Sikufurahi sana.

Padre Heitor akacheka: "Mama, lakini hilo silo uliloomba."
Nikamwambia, Padre, nimeyapekua maombi yangu
neno kwa neno, kama bili ya umeme.
Simu ilie: inalia.
Sauti ya mwanamume: ipo.
Aniulize hali: ananiuliza hadi nachoka.
Kosa ni langu. Sikutaja jina.

Sasa nataja.
Kila Jumapili, baada ya komunyo,
jina, ukoo, mtaa, hata namba ya mlango,
Mungu asije akasema hakuelewa.
Norberto bado.
Niseme sina hasira? Ninayo, kidogo,
huikalia kama kuku akaliavyo yai viza,
kisha nainuka, naanua mashuka,
kwa kuwa mvua imeningoja leo,
nusu saa nzima.

Na Alhamisi nanywa supu mapema,
nisikutwe nayo mdomoni.